Ghala limejaa mahindi, mtoto hakui: yaliyotukuta kijijini kwetu Njombe

#1 mwana_kinyungu (mleta mada)

Kamwene wanajukwaa.

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii kwenye kijiji kimoja mkoani Njombe, mwaka wa sita sasa. Sina elimu kubwa. Nina begi, daftari, utepe wa kupimia mkono wa mtoto, na ubao wa kupimia urefu ambao tunaazimana na kijiji jirani.

Nimeleta uzi huu kwa sababu nimechoka kusikia kwamba watoto wa huku wamedumaa kwa njaa. Njaa ipi? Nyumba niliyopita juzi ina magunia 27 ya mahindi, viazi vimerundikwa hadi mlangoni, miparachichi 14 inazaa, kuku wanaparua uani. Mtoto wa kike wa nyumba hiyo, miaka miwili kamili, nilimpima nikapata sentimita 77. Msichana wa umri huo akiwa chini ya 80 anaandikwa amedumaa.

Takwimu nyingi mmeshaziona. Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulikuta Iringa asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, Njombe 50.4, Rukwa 49.8. Taifa zima ni 30. Yaani mikoa inayojaza malori ya mahindi ndiyo inayoongoza. Utani wenu tumeshauzoea.

Miaka miwili ya kwanza kosa langu lilikuwa kufundisha. Kila siku ya kliniki nilisimama na bango la makundi ya chakula, kina mama wakaitikia kama wanakwaya. Nafaka na mizizi! Mikunde! Vya asili ya wanyama! Mboga! Matunda! Mafuta! Hata ukiwaamsha usiku wa manane wangekutajia yote sita. Watoto wakabaki palepale kwenye ubao.

Halafu wakaja wageni kutufanyia darasa la mapishi. Walikuja na gari, karoti, samaki, maziwa ya pakiti na mafuta ya chupa. Kikapikwa chakula kizuri, zikapigwa picha, tukapiga makofi. Gari lilipoondoka bibi mmoja akaniuliza, "Mwanangu, samaki wa kesho analetwa na nani?" Nilijifanya nakunja mkeka.

Ndipo nikaacha kufundisha, nikaanza kushinda na watu. Msimu wa palizi nilikaa kwenye nyumba tatu, kila moja siku nzima. Mama anaamka saa kumi na moja alfajiri. Anakoroga uji mwembamba, maana mzito mtoto anausumbua na nafasi ya kumbembeleza hakuna. Mtoto anakunywa kikombe kimoja, unaobaki unatiwa kwenye chupa. Baba na mama wanakwenda shambani, mwendo wa saa nzima. Mtoto anabaki na bibi ambaye macho yamepungua, au na dada yake wa miaka tisa siku asipokwenda shule, na wakati wa palizi siku hizo si chache. Kufika saa saba uji ule umepoa na umeanza kuchachuka. Mama anarudi jioni na kuni kichwani, anawasha moto, ugali na mboga vinaiva saa mbili usiku. Mtoto keshalala. Nilihesabu: mtoto wa miezi 14, siku nzima amekula mara mbili, na mara zote mbili ni maji yenye rangi ya uji.

Mama huyo makundi sita anayajua. Saa za kuyapika ndizo hana.

Kuna na mayai. Yanakusanywa, yanapelekwa dukani, yanageuka sabuni, chumvi, na biskuti ya kumtuliza mtoto anayelia. Tunauza yai tununue biskuti! Parachichi nalo vilevile: zuri anachukua mnunuzi, lililokataliwa anapewa nguruwe. Mtoto yuko katikati ya mnunuzi na nguruwe, anaangalia.

Sasa msimu huu kwenye kitongoji chetu tumejaribu jambo. Tulisimamisha banda la miti na turubai karibu na mashamba yalipo mengi. Kina mama wawili wanabaki hapo kwa zamu, wengine wanapalilia, na mashamba ya wale wawili yanapaliliwa na wote Jumamosi. Kila nyumba inaleta kibaba cha dona, maharage, na mboga kutoka kwenye kinyungu chake, yaani bustani ya bondeni. Watoto 15 wanakula saa nne na saa nane, chakula cha moto. Na kila nyumba imetenga kuku mmoja wa mtoto. Kuku huyo anapewa jina la mtoto mwenyewe, ili baba akitaka kumuuza aone aibu kulitamka mnadani.

Ninachoomba kwenu: waliojaribu kitu kama hiki kwao, banda lilidumu vipi msimu wa kilimo ulipoisha? Na hawa kina baba tuwaingizeje? Matusi sitajibu, nina palizi.

#2 KigodaChaMbele

Nimeshaweka kigoda. Wataalamu njooni.

#3 Mbishi wa Makambako

Mkuu, umeandika vizuri lakini mnatuonea. Sisi huku ni wafupi wa asili. Babu yangu alikuwa mfupi, akaishi miaka tisini na kitu, akapasua mbao mpaka mwisho. Mnachukua vipimo vya Wazungu mnakuja kuwapimia Wabena, halafu mnasema tumedumaa. Mbona Wambuti, wale wafupi wa misitu ya Kongo, hamuwaandiki?

#4 dawati_la_lishe

Mbishi, hoja yako naisikia kila wiki kazini, kwa hiyo nitaijibu kwa kirefu mara moja tu.

Vipimo vinavyotumika vilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006. Kabla ya hapo kweli vilitumika vya watoto wa Marekani, na malalamiko kama yako yalikuwepo. Wakachukua watoto kutoka Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, wote wa familia ambazo mtoto ananyonyeshwa ipasavyo, anakula vizuri, na mama havuti sigara. Wakakuta kwamba mpaka kufika miaka mitano watoto wa Accra, wa Muscat na wa Oslo wanarefuka karibu sawasawa. Tofauti za kiukoo huonekana zaidi baadaye. Kwa hiyo mtoto wa miaka miwili akiwa nyuma sana, usimsingizie babu yake.

Na urefu wenyewe ndio unaopimika kirahisi tu. Mwili ulioshindwa kurefusha mfupa mara nyingi umebania na kwenye ubongo na kinga. Ndiyo maana tunapigia kelele siku 1,000, tangu mimba hadi miaka miwili. Baada ya hapo kurudisha kilichopotea ni kazi ngumu.

Babu yako simgusi. Lakini hatujui angekuwa na urefu gani kama angekula mayai.

#5 Mbishi wa Makambako

Hahaha, babu alikula ulanzi.

#6 mwana_kinyungu

Umeutaja mwenyewe, Mbishi. Kwa wasio wa huku: ulanzi ni utomvu wa mwanzi mchanga. Unakata ncha, unatega mbeta (chombo cha mwanzi), asubuhi na jioni unakinga. Ukiwa mbichi ni mtamu, tunauita mtogwa, na watu wanaamini hauna kilevi. Masika wanakunywa wote, hata aliyeota meno mawili. Shida ni kwamba unachachuka wenyewe ndani ya saa chache, bila kutiwa chochote. Mtogwa wa asubuhi jioni ni pombe, na aliyebaki na kikombe cha jioni ni mtoto. Nimekuta mtoto wa mwaka mmoja amelala "usingizi mzuri" saa tisa mchana. Bibi yake ananisifia jinsi alivyo mtulivu.

Kuhusu hili sikupiga kelele. Bibi huyo tulimfanya mmoja wa wapishi wa banda. Siku hizi yeye ndiye anayewafokea wengine.

#7 Mama Unga

Hongera mleta mada, Mungu akubariki. Mimi natengeneza unga wa lishe wenye mchanganyiko wa vitu 12: mahindi, ulezi, mtama, uwele, mchele, ngano, soya, karanga, maharage, mbegu za maboga, ufuta na majani ya mlonge. Mtoto akitumia mwezi mmoja tu unaona mashavu. Nakuja hadi Njombe, oda kuanzia kilo 5. Karibuni faragha.

#8 dawati_la_lishe

Dada Mama Unga, biashara yako siipigi vita. Ila kwa vile umeuleta hapa hadharani nami niseme hadharani, maana unga wa namna hii uko kila soko na mama anajinyima ili aununue.

Kwanza, vitu 12 havikaangiki wala haviivi kwa muda mmoja. Soya mbichi ina kemikali inayouzuia mwili usimeng'enye protini. Lazima ichemshwe au ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa. Uji unachemka dakika chache, soya na maharage yaliyomo bado mabichi, mtoto anaharisha, mama anaambiwa "tumbo linazoea". Halizoei.

Pili, karanga zina mafuta. Ukizisaga pamoja na nafaka na kuuweka unga miezi miwili, mafuta yanachacha na unga unakuwa na harufu. Na karanga na mahindi ndiyo mazao yanayoshika sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, kuliko mengine. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu, hatukuhadithiwa. Karanga moja yenye ukungu ukiishika mkononi unaiona na kuitupa. Ikishasagwa ndani ya vitu 12 nani ataiona?

Tatu, mtoto akipata mzio, utajuaje ni kipi kati ya 12?

Tunachowaambia kina mama ni rahisi na hakina faida kwa muuzaji, nisamehe. Saga nafaka moja au mbili, mfano dona na ulezi. Karanga chambua, kaanga, twanga kidogo kidogo, utie kwenye uji siku hiyohiyo ukiwa jikoni. Maharage pika kama maharage, ponda, mpe mchana. Yai likoroge kwenye uji unaochemka na uliache liive. Mboga za majani zikatwe ndogondogo kwenye ugali laini. Ni vilevile vitu vyako 12, ila havikai kwenye mfuko mmoja.

#9 Mama Unga

Sawa nimekusikia, ingawa umenifungia duka mbele za watu. Soya mimi nakaanga. Lakini karanga kweli nasaga pamoja. Wateja wanataka kuona orodha ndefu, ukiandika "mahindi na ulezi" wanasema si hata mimi ninavyo nyumbani.

#10 dawati_la_lishe

Hapo umesema kweli kabisa. Ndivyo hivyo, anavyo nyumbani.

#11 Mzee wa Mizani

Wanangu, nimesoma kimya kimya tangu jana. Mimi ni mstaafu, nilikuwa karani wa kijiji Iringa wakati Njombe bado ni wilaya yetu, kabla hamjapewa mkoa wenu mwaka 2012. Haya mnayoyasema yana historia, na inaniuma kwamba mnaanza upya kama vile hakuna aliyepita.

Mwaka 1983 serikali pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia, walianzisha mradi wa lishe Iringa. Ulianza na vijiji 168. Kila baada ya miezi mitatu watoto walipimwa uzito kijijini, siyo zahanati. Ile mizani ya kuning'iniza, mtoto anavalishwa kaptula ya turubai, ananing'inia mtini analia, wenzake wanacheka mpaka zamu yao ifike.

Sasa sikilizeni penye siri. Matokeo hayakuishia kwenye faili. Yalisomwa kwenye halmashauri ya kijiji. Mwenyekiti anauliza, watoto wangapi wako kwenye nyekundu, yaani uzito wa hatari? Sita. Nyumba zipi? Na kwa nini? Huyu baba yake kaenda mashamba ya chai, huyu mama yake anaumwa, huyu maji yako mbali. Tunakubaliana la kufanya, na baada ya miezi mitatu tunapima tena tuone. Basi. Pima, tafakari, tenda, rudia. Hata mabanda ya kulishia watoto tulikuwa nayo, mleta mada, kwa hiyo hilo lako limezaliwa mara ya pili. Miaka michache tu utapiamlo mkali kwenye vijiji vile ulishuka kutoka asilimia 6.3 hadi 1.8.

Mchoro wa UNICEF wa mwaka 1990 unaoeleza chanzo cha utapiamlo, kwamba si chakula peke yake bali na matunzo na maradhi, umefundishwa dunia nzima. Ulichota mno kutoka kwetu. Dunia ikajifunza Iringa, Iringa ikasahau.

Kuhusu swali lako la banda: mengi yalikufa pale mpishi alipoanza kudai posho na kijiji kikasema mradi utalipa. Siku mkimlipa mmoja fedha za kutoka nje, hesabuni miezi.

#12 mwana_kinyungu

Shikamoo mzee. Nimesoma bandiko lako mara tatu, nikamsomea na mwenyekiti wa kitongoji. Kumbe! Siku hizi kuna Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, nayo ni kila miezi mitatu, lakini kwetu tunapima, tunaandika, karatasi inapanda juu, hairudi. Kwenye mkutano wa kijiji haisomwi. Naogopa tu kumtaja mtu hadharani kwamba mwanae amedumaa, huku ni aibu.

#13 Mzee wa Mizani

Marahaba mwanangu. Usitaje majina mkutanoni, taja idadi. Majina yabaki kwa wajumbe. Lakini idadi itajwe kwa sauti, kama inavyotajwa michango ya madawati.

#14 fundi_mbao

Nimengoja nione kama kuna atakayetutetea kina baba, sijaona. Basi nitajitetea. Mimi napasua mbao, natoka nyumbani Jumatatu narudi Jumamosi. Hela naleta. Nikirudi naulizwa mayai. Mimi natagaje? Mnatusema kama vile tunakunywa hela yote. Wengine tunajenga, tunalipa ada. Na mazao ni ya familia, kuyauza si dhambi.

#15 mwana_kinyungu

Mkuu fundi, hakuna aliyesema unakunywa. Jiulize jambo moja tu, wala usinijibu mimi. Ukiuza parachichi, ile hela ikiingia kwenye simu, ya simu ya nani? Kinachobaki mkononi mwa mama ni mayai na mboga. Ukimwambia mtoto ale mayai na mboga, unamwambia mama atoe mfuko wake pekee. Sabuni atanunua kwa nini? Hilo ndilo tuliloligundua, na tulichelewa. Nyumba zilizobaki na kuku wa mtoto ni zile ambazo baba alikubali kununua sabuni na chumvi kwa hela ya mazao. Nyumba ambazo baba alicheka, kuku aliuzwa mwezi uleule.

(Halafu mimi ni mama wa watoto wanne. Lakini "mkuu" nimeipokea.)

#16 fundi_mbao

Samahani mama. Hilo la sabuni sikuwahi kulifikiria hivyo. Ngoja niishie hapo.

#17 dagaa_wa_kipili

Salamu kutoka Rukwa, washindi wa tatu! Huku ni yaleyale. Sumbawanga mahindi mpaka yanakosa pa kuwekwa, na ziwa tunalo. Dagaa wanavuliwa Kipili wanapakiwa kwenda mbali, watoto wa wavuvi wanakula ugali na mchuzi wa dagaa. Mchuzi! Dagaa wenyewe anakula baba, "ana kazi ngumu". Mama yangu alitufundisha kusaga dagaa wakavu na kunyunyiza kijiko kwenye uji wa mdogo wetu. Majirani walimcheka kwamba anawapa watoto chakula cha kuku. Wote tumepita darasa la saba tukaendelea, waliocheka sitaji kusema.

#18 kijana_wa_Mbagala

Huku mjini nako tusijifanye. Watoto wetu wanarefuka, sawa, lakini asubuhi chai na maandazi, mchana chipsi, jioni chipsi mayai, soda juu. Baba mkubwa wangu sukari, shangazi presha, wote chini ya miaka 50. Nyanya yangu alikuwa anakula matembele na samaki, tukasema ni chakula cha shida. Mada ni ya Njombe, nisiiteke, nilitaka tu mjue kwamba mihogo ya kuchemsha siku hizi ni ghali kuliko chipsi hapa kwetu na hiyo ni akili ya nani sijui.

#19 dawati_la_lishe

Narudi kwa mleta mada. Kazi yako ni nzuri sana, nina mawili ya kukukera.

Kuku wanalala wapi?

Na uji wa saa nne ni mzito kiasi gani?

#20 mwana_kinyungu

Kuku wanalala jikoni, kama kwa kila mtu. Wezi na vicheche vitawaacha? Uji ni wa wastani.

#21 dawati_la_lishe

Nilijua. Mtoto anayetambaa kwenye jiko ambamo kuku wamelala anaweka mkono kwenye kinyesi, kisha mdomoni. Si lazima aharishe ndipo uone. Utumbo unavimba ndani kwa ndani, na chakula kizuri unachompa kinapita bila kufyonzwa. Unaweza kumlisha yai kila siku na huyohuyo kuku akalinyang'anya upande wa pili. Jengeni kibanda cha nje, cha miti, kiinuliwe. Na wachanjeni dhidi ya kideri, ugonjwa unaomaliza kuku, ile chanjo ya tone la jicho, kila miezi mitatu, la sivyo wote watakwenda siku moja na jina la mtoto juu.

Uji: tumbo la mtoto wa miezi minane linabeba kama robo lita. Ukilijaza maji limejaa. Uji usidondoke haraka ukiuinua kwa kijiko. Najua mtakachosema, mzito haumezeki. Dawa yake mababu zenu walikuwa nayo, kimea. Loweka ulezi usiku mmoja, uache uote siku mbili tatu, anika ukauke kabisa, pukuchua mizizi, saga. Pika uji mzito kama ugali laini, upoe kidogo uwe vuguvugu, tia kijiko cha kimea ukoroge. Utaona unalegea mbele ya macho yako, na chakula kilichomo hakijapungua. Kisha urudishe motoni uchemke kidogo. Kimea ndicho kinachotumika kwenye togwa na kwenye pombe, kwa hiyo bibi wote wa kijiji ni wataalamu, usiwafundishe, waulize.

Jambo dogo la mwisho: msiwape watoto chai ya rangi na chakula. Najua mnalima chai. Inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Mpe maji, au tunda.

#22 KigodaChaMbele

Uji mzito unalegea bila kuongeza maji? Hii ni chai, mnatudanganya.

#23 Mama Unga

Siyo chai, nimejaribu leo asubuhi. Unalegea kabisa, kama umerogwa. Nauza kimea cha ulezi, pakiti ndogo, kitu kimoja tu ndani. Naona dawati hapo hana la kusema.

#24 dawati_la_lishe

Sina. Kifunge kikavu.

#25 mwana_kinyungu

Nimerudi wapendwa, miezi sita imepita, nisameheni kwa kimya. Nawapa yaliyotokea, mazuri na mabaya.

Banda lilisimama msimu wote. Mavuno yalipoisha watu wakalisahau, turubai likachukuliwa kufunikia mahindi. Nililia kidogo. Halafu bibi yule wa mtogwa akaanza kupikia watoto wanane nyumbani kwake, siku tatu kwa wiki, bila kuambiwa na mtu. Anasema amezoea kelele. Posho hajaulizia, na mzee, nimekumbuka neno lako, sijamwahidi.

Kuku: nyumba 15 zilianza. Kideri kilipita kabla hatujachanja, tukabaki na kuku tisa. Tumechanja sasa. Vibanda vya nje ni vinne tu. Wengine bado wanaogopa wezi, na siwalaumu, mwezi uliopita wameibiwa kweli.

Mkutano wa kijiji: mwenyekiti alisoma idadi. Watoto 61 walipimwa, 29 wamedumaa. Ukumbi ulinyamaza. Kisha mzee mmoja akasimama akasema hiyo ni karibu nusu, na kama ingekuwa ng'ombe tungeshaita daktari. Wakakubaliana kila nyumba ipeleke debe la mahindi na maharage shuleni, na eneo la kinyungu cha kijiji lililokuwa limekodishwa lipandwe mnafu na viazi lishe kwa ajili ya banda. Fedha ya lishe ya halmashauri, ile shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano, mtendaji ameahidi kufuatilia. Nimeandika tarehe aliyoahidi.

Kina baba bado. Wanne wanakuja.

#26 fundi_mbao

Na yule wa sentimita 77?

#27 mwana_kinyungu

Nilimpima wiki iliyopita, ametimiza miaka miwili na nusu. Ana 82. Bado yuko chini ya mstari, anatakiwa afike kama 83 na nusu. Mwanzo alikuwa nyuma kwa sentimita tatu. Mama yake ana mimba ya miezi mitano, safari hii tumewahi, vidonge vya kuongeza damu anameza na kliniki ameanza mapema. Sabuni ananunua baba.

#28 Mbishi wa Makambako

Mimi bado nasema babu yangu alikuwa mfupi wa asili. Ila mke wangu kausoma uzi huu wote, na kuna kuku hapa uani ana jina la mwanangu. Nimeambiwa nisimsogelee.